Udongo Wenye Ladha

Barua ya Danson ya kuacha kazi aliiandika mkewe, Elsie. Danson mwenyewe alikuwa na mwandiko wa stoo, herufi zimebanana kama magunia, lakini Elsie alikuwa ametoka darasa la jioni na cheti, na mwandiko wake ulilala juu ya mstari kama shuka iliyopigwa pasi. Aliiandika kwenye meza ya jikoni, katika nyumba ya kampuni ya mkonge, mtoto wao Donald akinyonya ubavuni. Alipofika mahali pa tarehe akauliza, "Niweke ya leo au ya mwisho wa mwezi?"

"Ya leo," Danson akasema. "Nikingoja mwisho wa mwezi nitaogopa."

Walicheka wote wawili. Huo ulikuwa mwezi wa Aprili, mwaka wa sabini na tatu.

Danson alikuwa karani wa stoo kwa miaka tisa. Kampuni ilimpa nyumba ya mawe, maji ya bomba, zahanati ya mtoto, na king'ora cha kumwambia lini aamke na lini ale. Alichokitaka yeye ni kufyatua matofali. Kila upande wa Voi watu walikuwa wakijenga, na tofali zuri lilitoka mbali. Mwalimu Hudson, mwenyekiti wa kamati ya shule moja ya harambee nje ya mji, alikuwa ameshampa neno: matofali elfu kumi, yaliyochomwa vizuri, yafike kabla ya mvua za vuli. Yakifika, na kazi ya nyumba za walimu itakuwa yake.

Udongo waliupata karibu na njia ya Mwatate, kwenye shamba la mtu aliyekuwa amehamia Mombasa miaka mingi. Danson alimpeleka Elsie kuuona mwezi wa Mei, nyasi zikiwa zimefika magotini na kila kitu kibichi. Palikuwa na ukingo mrefu, na katika ukingo huo mashimo makubwa yaliyokwisha kuchimbwa, udongo mwekundu uko wazi.

"Unaona?" Danson akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeokota kitu njiani. "Hapa pamefanyiwa kazi zamani. Wahindi wa reli, wakati wa kujenga stesheni. Mtu hachimbi hivi bure. Wale walijua udongo."

Elsie akaona ni kweli. Wote wawili walikuwa watu wa Werugha, juu milimani, watoto wa ukungu na kabichi. Kwao shimo shambani huchimbwa na mtu, kwa jembe, na ukiuliza utaambiwa ni nani na kwa nini. Hawakuwa na mtu wa kumuuliza, na hawakuona haja ya kuuliza.

Juni ilipokwisha walirudisha ufunguo wa nyumba ya kampuni, wakahamia Voi mjini, chumba kimoja katika nyumba ya Bi Mwanamina. Bi Mwanamina alikuwa mjane, watu wake walitoka pwani na reli, naye alikuwa na ulimi usiopumzika. Siku ya kwanza aliwatazama wakiingiza kitanda, akasema, "Haya, karibuni. Mumetoka kwenye bomba mumekuja kwenye foleni ya bomba. Mungu awape mlitakalo."

Kazi ilikuwa ngumu kuliko ilivyokuwa midomoni. Danson alichimba, akakanyaga matope kwa miguu yake, akayatia kwenye kalibu ya mbao na kufyatua, tofali moja, jingine, jingine. Viganja vilivyokuwa vimezoea kalamu vilitoka malengelenge, malengelenge yakapasuka, akayafunga kwa kitambaa akaendelea. Elsie alichota maji na kugeuza matofali mabichi yakauke pande zote, Donald akiwa mgongoni, na jua la Voi haliwezi kulinganishwa na jua lolote la milimani.

Ilikuwa Julai, akigeuza matofali hayo, ndipo Elsie alipoanza kuyala.

Mwanamke aliyewahi kubeba mimba haulizi kwa nini. Mate yalimjaa, mkono ukaenda wenyewe. Alivunja kipembe kidogo cha tofali lililokauka, akakitia mdomoni, kikayeyuka polepole. Kwanza ulikuwa udongo tu. Halafu, baada ya kumeza, ikaja chumvi ya mbali, nzuri sana, ya kumfanya afumbe macho. Kutoka siku hiyo hakukuwa na mstari wa matofali usio na tofali lililopungua pembe.

Hakumwambia Danson. Siku ya ile barua walikuwa wamekubaliana: hakuna mtoto mwingine mpaka kazi isimame. Danson alikuwa amesema hivyo kwa upole, na yeye akaitikia. Sasa kila jioni alimtazama mumewe akilala na matope kwenye nyusi, asiweze hata kula, akajiambia, nitamwambia tukishachoma tanuri la kwanza. Furaha moja itabeba nyingine.

"Mama Donald," Bi Mwanamina alimwita siku moja bombani, "mbona ulimi wako mwekundu?"

"Ni vumbi, Bi Mwanamina."

"Vumbi huingia puani, mwanangu. Halikai ulimini likatulia." Akajitwika ndoo yake akaenda zake, wala hakusema zaidi.

Agosti ilipoingia nyasi zilikuwa zimekwisha, zimebaki miiba na vumbi. Matofali yalikuwa elfu nne, yamepangwa mistari, yanangoja kuni. Asubuhi moja walifika wakakuta uwanja umegeuka. Mistari yote imesambaratika, matofali yamekuwa vipande na unga, na katikati ya hayo marundo ya mavi makubwa kama vikapu.

"Ndovu," Danson alisema. Hata neno lenyewe lilimtoka kama la kigeni.

Walikaa chini. Donald alishuka mgongoni akaanza kuchezea vipande. Danson akasema, taratibu, bila kumtazama mkewe, "Ni Baba."

Elsie alielewa mara moja. Mzee Reuben, babake Danson, alipoambiwa kwamba mwanawe ameacha kazi ya kampuni, hakugomba wala hakuuliza. Alivaa kofia akatoka kwenda kuangalia ng'ombe. Na kwa Wataita hicho ndicho kitu cha kuogopa. Hasira iliyosemwa imekwisha. Hasira ya mzazi iliyobaki moyoni hutembea yenyewe, hata mwenyewe asipotaka, ikaingia katika mifugo ya mtoto, katika kazi ya mikono yake. Danson aliimba kwaya kanisani na kadi yake ya ushirika ilikuwa safi, lakini kuna vitu mtu huvinyonya kabla hajajua kusoma.

Siku iliyofuata alipanda Werugha na sukari na majani ya chai. Aliporudi alikuwa mtu mwingine. Alimweleza Elsie yote: jinsi alivyomwomba mzee amtasie, yaani aitoe hasira moyoni kwa maji, jinsi mzee alivyoomba maji kwenye kibuyu. Akapiga funda, akalipuliza nje kwa mdomo, matone yakaangukia miguu ya Danson, akasema, "Kama moyo wangu ulishika neno juu ya huyu mwanangu, na litoke, liende na maji haya. Kazi yake na ipoe." Alipuliza tena na tena. Mwishowe akamtazama Danson machoni, akasema, "Limekwisha."

"Limekwisha, Elsie," Danson alirudia, akamnyanyua Donald juu mpaka mtoto akacheka. "Sasa tuanze."

Wakaanza. Walizungusha boma la miiba. Danson alifyatua kama mtu anayefukuzwa, kutoka alfajiri mpaka asione mkono wake, akalala hukohuko uwanjani na debe tupu la kupiga kelele. Wiki nne, matofali elfu sita. Mwalimu Hudson alikuja kuyaona akayagongagonga kwa kidole, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Haya ni matofali," alisema. Kuni zilikuwa zimefika nusu. Elsie alihesabu siku mpaka tanuri, na kila siku aliyoihesabu aliivunjia kipembe.

Ijumaa ya pili ya Septemba alipofika na chai, alimkuta mumewe amekaa juu ya debe, mgongo ameupa uwanja. Hakuhitaji kutazama nyuma yake. Boma la miiba lilikuwa limelala kama mkeka.

"Nilipanda juu ya mgunga," Danson alisema. "Nikapiga debe mpaka mkono ukafa ganzi. Hawakunisikia. Hawakuwa na habari na mimi. Hawakukanyaga, Elsie. Walikula. Mbalamwezi ilikuwa wazi, niliwaona kwa macho yangu. Mmoja anaokota tofali kwa mkonga, analivunja kwa mguu, anatia mdomoni, anatafuna. Polepole. Kama mtu na muhogo. Sasa niambie, ndovu gani anakula matofali? Hicho si kitu cha Mungu. Hicho kimetumwa."

Elsie alisimama na birika mkononi. Neno lile, walikula, lilimpita kichwani likashuka mpaka ulimini mwake, na ulimi ukajibu kabla yeye hajafikiri. Ladha ile. Chumvi ya mbali, inayokuja baada ya kumeza. Miezi miwili alikuwa akiijua.

Alifungua mdomo. Lakini aseme nini? Kwamba anajua ladha ya matofali? Atauliza ameijuaje. Na hilo jibu lingekuja na tumbo, na tumbo lingekuja siku hii, juu ya mtu aliyekaa kwenye debe. Akamimina chai. Kikombe kikajaa mpaka kikamwagika.

Mwalimu Hudson alifika kabla ya adhuhuri, maana habari za ndovu hazihitaji posta. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ulifanya mambo kuwa mabaya zaidi. Alivua kofia kama aliyekuja matangani.

"Pole, bwana Danson. Pole, mama. Lakini mimi singojewi na mvua, na mvua haisikilizi hadithi za ndovu. Kamati imeamua tununue kwingine."

"Nipe mpaka Oktoba, mwalimu."

"Oktoba hii niwe nimeshapandisha ukuta." Akavaa kofia yake. "Usinichukie."

Jumamosi akaja Kombo, karani wa ofisi ya kampuni, mtu wa Voi mjini, kijana wa kina Bi Mwanamina kwa upande wa dada. Alikaa kwenye kizingiti akakataa chai kwa sababu alikuwa ameona kopo la sukari liko tupu.

"Nimesema na meneja," alisema. "Stoo ameshawekwa mtu, hiyo isahau. Lakini kuna nafasi ya nyapara wa wakataji. Lori litapita njia panda Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu. Ukiwepo, upo. Usipokuwepo atachukuliwa mwingine, na mie sitaweza kusema tena."

"Nyapara," Danson akasema.

"Kusimama juani ukihesabu mizigo ya mkonge. Ndiyo. Si kalamu. Lakini ni kazi, ndugu yangu, na ina mwisho wa mwezi."

Kombo alipoondoka, Danson alitoa chini ya kitanda shati lake la kaki la kampuni, akalikunjua, akampa Elsie. "Nipigie pasi," alisema. Halafu, kwa sauti ileile ya kawaida, kama anayesema habari ya kibiriti: "Na Werugha sipandi tena. Baba alinitazama machoni akapuliza maji, na moyoni amebaki nayo. Heri angenitukana. Wakileta habari kwamba amekufa, nenda wewe na mtoto."

"Usiseme hivyo, Baba Donald."

"Nimeshasema."

Usiku huo hakugusa chakula, na Elsie alilala akimsikiliza akipumua. Alikuwa akiona sasa vizuri kitu kinachokwenda kupotea. Matofali yameshapotea, hayo yalikuwa udongo. Lakini huyu mtu angepanda lile lori akiamini kwamba babake mzazi amemla, na kwamba mikono yake mwenyewe ina mkosi. Angesimama juani miaka ishirini akiamini hivyo. Na ni yeye Elsie pekee aliyejua kwamba si kweli.

Jumapili baada ya ibada hakwenda nyumbani. Alimbeba Donald mpaka kwenye ukingo, peke yao, jua likiwa utosini. Aliingia ndani ya lile shimo kubwa la Wahindi wa reli, akaupapasa ukuta wake kwa mkono. Kulikuwa na mikwaruzo, mirefu, ya mviringo, inakwenda miwili miwili kutoka juu hadi chini. Mingine ilikuwa ya zamani, imeota kuvu. Mingine ilikuwa ya wiki hii. Hakuna jembe lenye meno mawili yaliyoachana hivyo.

Alikwangua udongo kwa ukucha, akaonja. Akasogea hatua kumi, akaonja. Ishirini, akaonja. Kote ilikuwa ileile chumvi. Alikumbuka ng'ombe wa mama yake wakilamba magadi, wakisukumana, huwezi kuwafukuza hata kwa fimbo. Alipogeuka alimkuta Donald amepiga magoti ukutani, kidevu chekundu, analamba.

Elsie akakaa chini akalia, na mtoto akamtazama, akaendelea kulamba.

Jumatatu alimpigia mumewe pasi mara ya pili, ingawa shati lilikuwa limenyooka. Alimsindikiza hadi njia panda, Donald mgongoni amelala. Milima ya Taita ilikuwa na ukungu wake juu. Danson hakuitazama. Alikuwa na chupa ya maji mkononi na kalamu mfukoni, kwa mazoea.

"Baba Donald," Elsie akasema, "baba yako hakudanganya."

"Tuliyamaliza hayo."

Alifungua pindo la leso yake, akatoa kipande cha tofali ukubwa wa ndimu. "Onja."

"Elsie, lori linakuja."

"Halijaja. Onja tu, nakuomba."

Danson alimtazama kama unavyomtazama mgonjwa, akakigusisha ulimi kipande kile ili yaishe. Akasita. Akakiuma.

"Kina chumvi," alisema.

"Ukingo wote una chumvi. Nilikwenda jana. Yale mashimo si ya Wahindi, ni ya pembe za ndovu. Mikwaruzo ipo, miwili miwili, hata ya juzi. Wakati wa mvua hawaji, kiangazi wanakuja kula, kama ng'ombe na magadi. Sisi tulikwenda Mei. Hapakutumwa kitu. Sisi ndio tuliowachimbia, tukawakandia, tukawakatia vipande, tukawapangia mistari. Babako alikusafishia moyo, Danson. Limekwisha, kama alivyosema."

Danson alikuwa bado na udongo mdomoni. "Umejua lini?"

"Habari ya ndovu nilijua Ijumaa, uliposema wamekula. Ladha naijua tangu Julai."

"Ulikuwa ukionja matofali tangu Julai?"

"Nilikuwa nakula."

Elsie aliona macho ya Danson yakitoka kwenye midomo yake, yakashuka, yakasimama kwenye fundo la leso tumboni. Miaka tisa ya stoo: mtu huyu alijua kuhesabu miezi.

"Utajifungua lini?" akauliza.

"Machi, nadhani."

Mbali, upande wa mjini, vumbi lilikuwa limeinuka. Elsie alingoja aambiwe lolote. Danson alikuwa na haki ya kumgombeza. Kama yeye Elsie angesema mapema, wakati wa matofali elfu nne, pengine wangehamisha uwanja, pengine shule ingengoja. Hayo alikuwa ameshajiambia yote. Lakini Danson aligeuka akaitazama milima kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Akatema udongo. Akafungua chupa yake ya maji ya kazini, akapiga funda, akalipuliza nje kwa mdomo, mbali, matone yakaangukia vumbi la barabara. Akapiga la pili, akapuliza. Midomo yake ilitikisika lakini maneno hakuyasikia mtu. La tatu alilipuliza chini, karibu na miguu ya Elsie, na mabaki ya matone yakamlowesha vidole.

Lori likafika, wakataji wamejaa nyuma, mmoja akapaza sauti, "Karani, umerudi? Tofali zimekushinda?" Wengine wakacheka.

"Zilikuwa tamu mno," Danson akawajibu, akakanyaga gurudumu akapanda. Hawakumwelewa, wakacheka zaidi.

Alishika chuma cha pembeni, akainama kumtazama mkewe. Uso wake ulikuwa umechoka, umezeeka tangu Aprili, lakini ulikuwa uso wake.

"Elsie. Udongo wa kule mtoni, nyuma ya daraja. Umeuonja?"

"Bado."

"Kauonje." Lori lilianza kusogea, akalazimika kupaza sauti. "Kama hauna ladha yoyote, nifungie kidogo kwenye leso. Jioni nitauona."

Vumbi likawafunika. Elsie alisimama mpaka likatua, vidole vyake vya miguu vikiwa bado na unyevu. Donald aliamka akaanza kunung'unika njaa. Akamhamisha upande, akampa ziwa huku anatembea, na hakuelekea nyumbani. Aliifuata njia ya mtoni, akitazama chini, akitafuta mahali ambapo hapajawahi kuchimbwa na mtu wala mnyama.